STADI ZA GURUDUMU: Jinsi ya Kutoa Iliyokatika na Kutia Mpya

Wasomaji wetu wa wilayani wajua ya kuwa motokaa si kitu cha mjini tu. Mwalimu anayo, mwenye duka anayo, na mkulima aliyebahatika katika mavuno naye anayo. Mama akishikwa na uchungu usiku, watu hawaulizi machela iko wapi; huuliza ni nani mwenye gari. Basi mwenye gari kijijini amejitwika amana ya watu wengi, naye hana budi kuyajua baadhi ya mambo yake, hata kama hakusomea ufundi.

Mimi si fundi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na vitabu vya hesabu. Somo hili nililipata kwa hofu kubwa, nami naliandika ili mwenzangu alipate kwa kusoma tu.

Gari langu ni Toyota Corolla, lililoundwa katika miaka ya 1990, nalo lina stadi nne katika kila gurudumu. Siku moja nilipata pancha njiani, nikamwendea kijana mziba pancha. Alipokwisha kuziba, alitia bomba la chuma la urefu wa mita moja katika mpini wa spana, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Nami, badala ya kumzuia, nalimsifu. Nikamwambia, “Kaza, kijana, kaza zaidi, njia yetu ni mbovu.”

Miezi michache ikapita. Usiku mmoja tulikuwa tukimpeleka jirani mgonjwa hospitali, na gurudumu lile lile likapasuka. Nati tatu zilitoka kwa taabu; ya nne ilikataa. Nikaikamia kwa nguvu zangu zote, mara nikasikia mlio mkali, na kipande cha chuma kikaanguka mchangani pamoja na nati. Stadi imekatika. Hapakuwa na la kufanya. Tukatia gurudumu la akiba kwa nati tatu, tukaenda mwendo wa kinyonga hata tukafika. Kulipokucha nikaligusa gurudumu, nikaona linacheza. Nati moja katika zile tatu ilikuwa imekwisha legea, na tundu la rimu limeanza kulika. Mzee wa mgonjwa alisimama karibu yangu akatazama, kisha akasema, “Bwana Karani, usiku tulikuwa watu watano ndani ya gari hili.” Hakuongeza neno, wala sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nalijifunza kwa fundi mmoja mzee namna ya kubadili stadi, na leo naweza kuifanya kazi hiyo nyumbani. Yafuatayo ndiyo niliyofundishwa.

1. Stadi ni nini, na kazi yake ni nini

Nyuma ya gurudumu kuna kisahani kinene cha chuma kinachozunguka, ambacho mafundi hukiita habu. Katika habu yametobolewa matundu, na katika kila tundu umeshindiliwa kutoka nyuma msumari mnene wa chuma kigumu. Huo ndio mafundi huuita stadi. Kichwa chake ki nyuma ya habu. Shingo yake ina meno madogo yaliyouma ndani ya tundu ili isizunguke. Na sehemu yake ya mbele imechongwa hesi, yaani uzi wa kuzungushia nati.

Watu wengi hudhani ya kuwa stadi hulibeba gari kama kigingi kinavyobeba kibuyu. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana, kama kamba ya upinde inavyovutwa, na kwa kutaka kurudi hulibana gurudumu juu ya habu. Mbano huo ndio ushikao gurudumu lisicheze. Kwa hiyo nati iliyolegea ni hatari, kwani mbano umekwisha, na gurudumu huanza kugonga stadi huku na huku mpaka zikatike moja baada ya moja. Na nati iliyokazwa kupita kiasi nayo ni hatari. Kila chuma kina mpaka wa kuvutwa. Kikivuka mpaka huo hakirudi tena, hubaki kirefu na dhaifu, kama waya uliovutwa mno. Stadi ya namna hiyo yaweza kuonekana nzima machoni, kumbe imekwisha kufa.

Fikiri basi habari ya gari la stadi nne. Moja ikikatika, robo ya mbano imepotea, na zile tatu zinachukua mzigo usio wao. Kwenda na gari hivyo siku nyingi ni kungoja msiba.

2. Sababu za kukatika

Sababu ya kwanza ni kukaza kupita kiasi, kama nilivyofanyiwa kwa kupenda kwangu. Ya pili ni kuanza nati kwa spana badala ya vidole, hata ikapanda upande na kuiharibu hesi. Ya tatu ni kutu, hasa kwa magari yakaayo karibu na bahari au yapitayo katika matope. Ya nne ni nati isiyolingana na rimu. Nati nyingi za rimu za chuma zina mdomo wa mteremko unaoingia katika tundu la mteremko; lakini baadhi ya rimu za aluminiamu hutaka nati nyingine, zenye shingo na washa bapa. Mwenye kuzichanganya hudhani amekaza, kumbe nati haikukalia mahali pake.

3. Vyombo vya kutayarisha

Tayarisha jeki, stendi imara ya chuma ya kuegemezea gari, kabari nne za mti au mawe makubwa, boksi spana yenye pembe sita ya kiasi cha nati zako (nati za Corolla yangu ni za milimita 21), nyundo nzito, mafuta ya kupenyeza katika kutu, brashi ya waya, washa nene tatu au nne, nati moja ya zamani ambayo hutaitumia tena, grisi kidogo, na miwani ya kukinga macho.

Tena nunua stadi mpya. Usinunue kwa kukadiria kwa macho. Stadi za gari langu zina unene wa milimita 12, na hatua ya hesi yake ni milimita moja na nusu. Lakini haitoshi kulinganisha hesi peke yake. Unene wa shingo yenye meno na urefu wake vilevile sharti vilingane na vya ile ya zamani. Shingo ikiwa nyembamba, stadi itazunguka ndani ya tundu. Ikiwa nene mno, itakataa kuingia au itaharibu habu. Ukiweza, chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani. Bei ya stadi moja haifiki bei ya kuku, basi nunua na za jirani zake, kwa kuwa nazo zimeteseka pamoja. Mimi nalibadili zote nne.

4. Kuinua gari

Lisimamishe gari mahali palipo sawa na pagumu, si mchangani wala mtelemkoni. Kazi ninayoieleza ni ya gurudumu la nyuma. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Gari langu husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo natia gia ya kwanza ili yashikwe. Jambo hili ni la lazima, maana breki ya mkono itafunguliwa baadaye, na gari lisiposhikwa mbele litateremka juu ya jeki.

Legeza nati nusu mzunguko gurudumu lingali chini, kisha inua, tia stendi chini ya mahali pagumu pa gari, ulishushe juu ya stendi. Jeki ni chombo cha kuinulia tu, si cha kutegemea. Usitie kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Watoto nao waondolewe mbali.

5. Nati iliyogoma

Ikiwa stadi imekwisha katika, gurudumu litatoka bila shida. Lakini ikiwa nati imeganda, usianze kwa nguvu. Isugue kwa brashi ya waya, itie mafuta ya kupenyeza, ugonge kichwa chake mara chache kwa nyundo, uiache mpaka kesho. Asubuhi ijaribu kwa kuikaza kidogo sana kwanza, ndipo uifungue kinyume cha mwendo wa mshale wa saa; mara nyingi kutu huvunjika kwa kutikiswa huku na huku. Ikifunguka kidogo ikagoma tena, irudishe, tia mafuta, ufungue tena. Kazi hii yataka subira.

Ikikataa kabisa, sasa unaweza kutumia mpini mrefu na kuikata stadi kwa kusudi, maana mpya unayo mkononi. Afadhali ikatike nyumbani mchana kuliko njiani usiku.

Pengine nati na stadi huzunguka pamoja, kwa sababu meno ya shingo yamekwisha lika. Hapo nguvu haifai kitu. Nati ipasuliwe kwa tindo, au stadi itobolewe katikati kwa keekee, kwanza tundu dogo kisha kubwa. Vaa miwani, kwa kuwa vipande vya chuma huruka. Usiyemudu kazi hii, mwite fundi, si aibu. Na usiwashe moto juu ya nati gurudumu likiwa na mpira wake, kwani joto laweza kuupasua mpira kwa kishindo cha kuua mtu.

6. Kutoa stadi ya zamani

Gurudumu likiisha kutoka, utaona ngoma ya breki, ambayo mafundi huiita dramu. Fungua breki ya mkono, kisha ivute. Ikiwa imeganda, tazama matundu mawili madogo yenye hesi usoni pake. Tia humo bolti mbili za milimita 8 uzikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, nazo zitaisukuma ngoma nje. Usipulize vumbi lililo ndani, kwa kuwa breki za zamani huenda zina asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Tena waonye walio karibu wasikanyage breki ngoma ikiwa nje, kwani vijibastola vidogo vya breki vitaruka na mafuta yake yatamwagika.

Izungushe habu mpaka stadi iliyokatika ielekee mahali penye nafasi nyuma, ambapo kichwa chake kitapita bila kugonga vipande vya breki. Pasipo nafasi upande wowote, usilazimishe; hapo sharti vipande vya breki au habu yenyewe ifunguliwe, na kazi hiyo ni ya fundi.

Tia mafuta shingoni, mbele na nyuma, ungoje. Njia iliyo bora ni kuisukuma stadi kwa chombo chenye skrubu, kama kile ambacho mafundi hukitumia kutolea vichwa vya mikono ya usukani, kwani chombo hicho husukuma pole pole na hakitikisi kitu. Usipokuwa nacho, tumia nyundo nzito. Piga ncha ya stadi moja kwa moja, si kwa upande. Mapigo machache yenye uzito ni bora kuliko mapigo mengi mepesi, kwa sababu nyuma ya habu mna beringi, na kila pigo huifikia. Ukipiga mara tano au sita na stadi haijasogea hata kidogo, acha nyundo, urudie mafuta au utafute kile chombo cha skrubu. Kuokoa bei ya stadi na kuharibu beringi ni hasara juu ya hasara.

7. Kutia mpya

Safisha tundu kwa brashi na kitambaa. Ingiza stadi mpya kutoka nyuma, uizungushe kwa vidole mpaka meno yake yaingie katika mikwaruzo iliyoachwa na ya zamani. Kwa mbele panga zile washa, ukizipaka grisi kati yake ili ziteleze. Kisha tia nati ya zamani kinyume, upande wake ulio bapa uelekee washa, nawe uikaze kwa spana. Mtu wa pili aizuie habu isizunguke kwa kuweka mtaimbo kati ya stadi mbili nyingine zilizofunikwa kwa nati zake, ili hesi zisiumie.

Kwa kila mzunguko wa spana, stadi itavutwa mbele kidogo. Utaiona ikija, na mkono utasikia uzito ulio sawasawa. Uzito ukizidi ghafula, simama, uchungulie nyuma: kichwa sharti kilalie habu pande zote, pasionekane mwanya hata wa ukucha. Ukiuona mwanya, endelea kidogo. Usipouona, acha papo hapo. Stadi iliyoachwa na mwanya nyuma itajivuta baadaye gari likiwa njiani, na nati itabaki imelegea.

Ondoa washa na nati ya zamani. Futa grisi yote kwenye hesi. Hesi yenye mafuta huifanya stadi ivutwe kuliko kipimo, hata kama mkono wako haukuzidisha.

8. Kukaza kwa kipimo

Rudisha ngoma, rudisha gurudumu, na uanze kila nati kwa vidole mpaka igote. Usikaze kwa kuzunguka duara. Kaza moja, kisha ile inayoikabili, halafu nyingine na inayoikabili. Shusha gari, ndipo umalize kukaza kwa mpango huo huo.

Na sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Nati za gari langu hutaka nguvu ya nyutoni mita 103, na kipimo cha gari lako kimeandikwa katika kitabu chake. Kwa kazi hii iko spana ya kipimo, nayo ndiyo bora. Lakini maana ya nguvu hiyo twaweza kuiona kwa hesabu ya shule. Chukua mpini wa nusu mita, uulaze sawasawa upande wa kulia wa nati, uning'inize kwenye ncha yake mzigo wa kilo 21. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Ongeza kilo moja ya ndoo, na hapo una kilo 21. Basi ndoo moja ya maji, iliyoning'inizwa pole pole kwenye mpini wa nusu mita, ndiyo nguvu inayotakiwa, wala si zaidi.

Sasa mfikiri yule kijana mziba pancha. Tuseme uzito wake ni kilo 70, naye amesimama kwenye ncha ya bomba la mita moja. Nguvu yake ni nyutoni mita 687, yaani zaidi ya mara sita ya kipimo! Nami nikamwambia aongeze. Naliposikia mlio ule usiku, nalimlaumu moyoni. Lakini nilipoifanya hesabu hii kwa karatasi, nikaona ya kuwa lawama nusu ni yangu. Hakuna aliyemwonyesha kijana yule kipimo, na mwenye gari akamsifu kwa kosa.

Ukiisha kwenda kati ya kilomita 50 na 100, simama uzijaribu nati zote tena kwa kipimo kile kile, kwa kuwa vyuma vipya hukaa mahali pake kidogo kidogo. Usilisahau jambo hili.

9. Neno la mwisho

Walimu wanaweza kuitumia hesabu ya ndoo darasani, kwani watoto huifahamu nguvu ya mpini upesi wakiiona kwa macho. Na wazee wa vijiji wafanye hisani ya kuwaita waziba pancha walio kando ya njia zao, wawaonyeshe jambo hili kwa upole. Vijana hao hawafanyi uovu. Hufanya kile ambacho wenye magari hukitaka.

Tena kila mwenye gari na ajiulize maswali haya kabla hajampakia mtu: Je, nati zangu zote zipo? Nani alizikaza mara ya mwisho, na kwa mpini wa urefu gani? Zilijaribiwa tena baada ya safari ya kwanza? Asiyeweza kujibu, na achukue spana yake leo, mchana, nyumbani kwake.

Jirani yule alipona, akarudi kwao. Mzee wake hupanda gari langu hata sasa. Lakini kabla ya kuingia hulizunguka kwanza, akaigusa kila nati kwa kidole chake, akihesabu mpaka nne katika kila gurudumu. Sikumkataza, wala sitamkataza kamwe.